Mstari wa Themanini na Nane

Jumatatu, 5 Januari 2026

Mzee Gershom alinifundisha hivi, miaka ile nilipokuwa chini yake kwenye karakana yake ya kuchapa pale Changamwe: kazi ikikusumbua, chukua daftari. Andika tarehe, andika kosa, andika kitu kimoja ulichobadilisha, kisha andika kilichotokea. Kimoja tu. Ukibadilisha viwili kwa mpigo hutajua kipi kilichoponya. Basi leo nimenunua daftari dukani hapa Mtopanga, maana kazi nimeianza asubuhi na kufika adhuhuri ishanikera.

Kazi yenyewe ni kitabu cha hitima ya kina Mahfudh. Mahfudh ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu Imad. Kila mwaka katika mwezi wa Mlisho, yaani Shaabani, kabla ya watu kuvunja jungu la kukaribisha Ramadhani, ukoo mzima hukusanyika nyumba kubwa kule Mjambere. Hitima husomwa, na majina ya marehemu wote hutajwa mmoja mmoja ili dua iwafikie. Miaka yote walisoma kwenye daftari la marehemu baba yao, Mzee Mussab, na sasa limechanika hata halishikiki. Mwaka huu wataka kitabu. Na katika ukoo ule mpangaji wa kurasa ni nani kama si mimi?

Kurasa zina safu mbili, Kiarabu kulia, Kiswahili kushoto. Mwisho kuna jedwali la majina, pana, limelala juu ya safu zote mbili: namba, jina, siku aliyofariki, alipozikwa. Programu yangu ina ubishi mmoja. Kwenye kurasa za safu mbili haikubali jedwali refu lijikate lenyewe likifika chini, lazima nilikate mimi kwa mkono. Ukurasa mmoja wachukua mistari ishirini na tisa. Kurasa tatu ni themanini na saba, na majina ya daftarini ni themanini na saba. Nilipohesabu nilicheka peke yangu, raha iliyoje.

Kisha nikafunua upande wa pili. Kuna la themanini na nane, mwandiko wa Mahfudh, wino mbichi. Imad bin Mussab. Siku aliyofariki, pametupu. Alipozikwa, pametupu.

Mume wangu huyo.

Jumanne, 6 Januari

Nimempigia Mahfudh kabla sijanywa hata chai.

"Shemeji, nani kakwambia Imad amekufa?"

"Hakuna aliyeniambia, Jalila. Lakini ni miaka mitano."

"Kumsomea hitima mtu aliye hai ni kumzika kwa mdomo."

"Na akiwa ni maiti, tumwache mwaka wa sita bila dua? Mama anataka jina lisomwe kabla ya Ramadhani. Hali yake waiona mwenyewe. Nipe hoja moja tu ya kulitoa, wallahi nitalitoa kwa mkono wangu."

Hoja sina. Nimemkatia simu. Mtu gani huyu, ana haraka ya kumzika nduguye kama mwenye duka aliyesikia adhana ya magharibi.

Jumatano, 7 Januari

Kosa: mstari wa 88 umeangukia ukurasa wa nne peke yake, chini ya vichwa vya jedwali. Ukurasa mzima, jina moja.
Nilichobadilisha: ukubwa wa herufi, kutoka kumi hadi tisa na nusu.
Kilichotokea: kila ukurasa sasa wachukua mistari thelathini. Thelathini mara tatu ni tisini. Nikaukata mstari wa ukurasa wa nne nikaubandika mwisho wa ukurasa wa tatu. Nikachapa. Ukurasa wa tatu umeishia 87, chini yake nafasi ya mistari mitatu, nyeupe. Wa 88 uko ukurasa wa nne, peke yake.

Nimerudia mara nne. Labda nimechoka.

Ijumaa, 9 Januari

Stima imepotea tangu asubuhi. Upepo wote wa kaskazi hauingii kwenye chumba hiki. Sijafanya kitu.

Jumatatu, 12 Januari

Leo ndiyo miaka mitano. Niandike mara moja, nisirudi tena.

Ilikuwa Jumanne. Imad alikuwa fundi wa betri za sola, na mteja wake wa Bofu, huko Likoni kwetu nilikozaliwa, alikuwa akingojea betri. Mlangoni kifungo cha tatu cha shati lake jeupe kikakatika. Sindano nilikuwa nayo, uzi wa nguo sikuwa nao. Nikakishona kwa uzi wa kushonea vitabu, ule mnene uliopakwa nta. Akacheka. "Wanishona kama kitabu, Jalila?" Nikamwambia, "Nyamaza nisije nikakuchoma." Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Mume wa mtu anaondoka, na mimi namwambia nyamaza.

Bofu hakufika. Tulizunguka vituo vya polisi, hospitali, vyumba vya maiti, wiki baada ya wiki. Hakuna aliyemwona, wala betri haikuonekana. Hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna hata uso wa kumfananisha.

Watu huniuliza naamini nini. Naamini kwamba sijui. Mkono wangu hauwezi kuandika "amefariki" mahali ambapo moyo haujaandika kitu. Na Bi Ibtihal, mama mkwe wangu, ana miaka themanini na moja, macho yamefifia, moyo unamchezea, na haombi jambo jingine duniani ila jina la mwanawe lisomwe akiwa hai wa kulisikia. Hapo ndipo nilipo.

Alhamisi, 15 Januari

Kosa: lile lile. Na jingine.

Mstari wa kwanza chini ya vichwa vya jedwali hukaa milimita 42 kutoka juu ya karatasi. Najua, nimeupima kwa rula katika kurasa tatu za mwanzo. Huu wa ukurasa wa nne uko 58. Kati ya vichwa na jina pana nafasi nyeupe ambayo sikuitia.

Nilichobadilisha: hakuna.
Kilichotokea: nimechapa tena, 58.

Jumamosi, 17 Januari

Bado 58. Nimefuta jedwali lote nikaliandika upya kutoka sifuri. Afadhali mtu angenambia nichote maji ya bahari kwa kifuu.

Jumanne, 20 Januari

83.

Sijagusa kitu. Nilifungua tu, nikachapa, nikapima. Nikashuku printa, kwamba yavuta karatasi vibaya kwa sababu ya joto. Lakini mstari wa 87 uko palepale ulipokuwa, na kwenye skrini pia jina limeshuka. Mimi si mtu wa majini. Mama yangu alikuwa akifukiza ubani kila Alhamisi, nami nikifungua madirisha nyuma yake. Hii ni hitilafu ya programu, na ina sababu, nami nitaipata.

Mwezi wa Mlisho umeandama. Zimebaki wiki nne.

Jumamosi, 24 Januari

Nimekwenda Mjambere kumwona Bi Ibtihal. Nimemkuta amelala kitandani mwake upande wa dirishani, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo kwangu, keti hapa." Akanipapasa mkono mpaka akaupata. Kisha akasema, "Leo ameshuka hata wapi?"

Nilihisi baridi, na jua lilikuwa linachoma mabati. Habari ya kipimo sijamwambia mtu, si Mahfudh, si Gershom. Imo kwenye daftari hili tu, na daftari hili lalala chini ya mto wangu.

"Nani, mama?"

"Imad." Akageuza uso. "Mato yangu hayaoni tena, lakini namsikia nyayo zake ndiyani. Yuwashuka polepole. Yuwachoka."

Nimemtengenezea uji nikaondoka. Mahfudh alikuwa ukumbini, akataka kuniuliza kuhusu kitabu, nikampita kama sikumwona.

Nyumbani nikapima. 121.

Jumanne, 27 Januari

121.

Ijumaa, 30 Januari

164. Nimeona aibu kuandika kwamba nimelia, lakini nimelia. Ni jina tu limetoka juu ya karatasi likaenda chini. Kwa nini liwe na sura ya mtu anayeondoka?

Jumanne, 3 Februari

Nimekwenda Changamwe kwa Mzee Gershom, nimembebea faili na karatasi zote nilizochapa, zimepangwa kwa tarehe. Amestaafu, lakini karakana bado ni yake na bado huvaa aproni. Alizipanga zile karatasi mezani moja kando ya nyingine, akavaa miwani, akatembea na meza yote kutoka 42 mpaka 164.

"Umebadilisha nini hapa kati?"

"Hakuna, mwalimu."

"Hakuna kitu kinachosogea chenyewe, Jalila."

"Basi chapa wewe."

Akachukua faili, akalitia kwenye kompyuta yake, akachapa kwa printa yake. Akapima kwa rula yake ya chuma. Akapima tena. 209.

Akaivua miwani akaifuta kwa aproni, polepole sana. "Mimi nimechapa miaka arobaini," akasema. "Nimeona herufi zikipotea, nimeona kurasa zikirudi nyuma mbele. Hii sijaona." Kisha akaniuliza jina lile ni la nani, nikamwambia. Hakusema pole. Alisema, "Karatasi yako ina urefu gani?"

"Mia mbili na hamsini."

"Basi bado kidogo tu atoke."

Jumamosi, 7 Februari

Ametoka.

Ukurasa wa nne una vichwa vya jedwali juu, na chini yake weupe mtupu mpaka mwisho wa karatasi. Jina halipo.

Niandike ukweli, maana daftari hili halina mwingine wa kulisoma. Nilifurahi. Nilisimama katikati ya chumba nikamshukuru Mungu kwa kosa. Nikasema, basi, hakukubali kukaa na wafu, hajafa. Nimeufuta ukurasa wa nne wote. Nimempigia Mahfudh nikamwambia kitabu ki tayari, kina majina themanini na saba.

"Na Imad?"

"Hakutosha."

Alivuta pumzi. "Haya, shemeji," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe. Nilitaka agombe. Alivyoitikia vile nimekaa na simu mkononi nikijiona mwongo.

Jumapili, 8 Februari

Mzee Gershom amepiga simu kuuliza kipimo kimefika wapi. Nikamwambia jina limetoka, na kazi imekwisha.

"Umesoma maonyo?"

"Ya nini tena, mwalimu?"

"Jalila. Umesoma maonyo?"

Sikuwa nimeyasoma. Nani huyasoma? Kila mara programu ikimaliza kazi huacha faili la maonyo, mistari mia nne ya porojo, herufi hii imekaribiana na ile, safu hii imelegea. Lakini yeye ni mwalimu wangu. Nimelirudisha jina, nikachapa, likatoka tena nje ya karatasi, nikafungua faili la maonyo. Katikati ya porojo upo mstari mmoja: jedwali limezidi ukurasa kwa pointi 26.4, kama milimita tisa.

Jedwali pana likiwa refu kuliko ukurasa, programu haisimami wala haipigi kelele. Hulishusha tu mpaka nje ya karatasi. Kompyuta inajua mistari ipo, karatasi haina habari.

"Limezidi kwa pointi ishirini na sita nukta nne," nikamsomea.

"Na wapi tena," akaniuliza, "umewahi kupata onyo kama hilo?"

Nikasema sijawahi. Nimesema haraka mno. Tangu saa ile nambari hiyo imenikaa kichwani kama jina la mtu niliyesoma naye shule.

Jumatatu, 9 Februari

Bismillahi. Naandika yote.

Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Imad kutoweka, kamati moja ya maziko ya Likoni ilinipa kazi. Ni watu wanaojitolea kuosha na kuzika maiti Waislamu wasio na wenyewe. Walitaka kitabu cha mwaka wao uliopita, kurasa thelathini na mbili, isizidi hata moja. Safu mbili, na jedwali la wasiotambulika likipita juu ya zote mbili, ukurasa wa 31. Katibu wao, Mzee Boga, alileta maandishi yamekwisha kupigwa chapa, mimi nikayamimina tu.

Wasiofanya kazi hii hawajui jambo moja: mpangaji hasomi. Anaona maumbo. Anaona pambizo, anaona ukurasa umejaa au haukujaa. Siku zile nami sikuwa mtu, nilikuwa mkono na kipanya. Jedwali lilikuwa refu, nikalibana, nikalibana tena, mpaka likajaza ukurasa kutoka juu hadi chini kwa unadhifu, nami nikapendezwa. Maonyo sikuyasoma.

Leo nimelitafuta faili lile kwenye diski ya zamani iliyo ndani ya kompyuta hii. Nimefungua maonyo yake ya mwaka 2022. Ukurasa wa 31. Jedwali limezidi ukurasa kwa pointi 26.4, kimo cha mistari miwili.

Nikafungua maandishi yenyewe. Jumla: 60. Kitabu kilichochapwa kina mistari 58. Watu mia tatu walikichukua kile kitabu, hakuna aliyehesabu, na wa kwanza wao ni mimi.

Mstari wa 59. Mwanamke, umri kama sitini, hakutambulika, bangili mbili za shaba.

Mstari wa 60. Mwanamume, umri kama arobaini, hakutambulika, alipatikana kando ya barabara nje ya mji, akakaa karibu miezi miwili chumba cha maiti cha huko kabla ya kuletwa. Amezikwa Likoni, 9 Machi 2021. Shati jeupe. Kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mnene wa nta.

Nilikaa chini sakafuni. Nilimwita kwa jina lake, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu yuko chumba cha pili. Miaka minne alikuwa ndani ya kompyuta hii, mkono wangu ukipita juu yake kila siku. Kinyozi hajinyoi, wasema watu na kucheka. Leo siwezi kucheka.

Jumanne, 10 Februari

Likoni. Mzee Boga amezeeka lakini akili yake iko sawa. Daftari lao la mkono liliroa masika moja likaoza, kilichobaki ni kile kitabu changu. Alipousikia uzi wa nta aliweka kikombe chini.

"Nilimwosha mimi," akasema. "Nikajiuliza, huyu kashonewa na nani kwa uzi kama huu? Nikasema, haidhuru, ana mtu. Ndiyo maana nikaandika."

Amenipeleka kaburini. Kibao cha simenti, namba 60. Nimesoma Fatiha, sauti ikakatika katikati, akanimalizia.

Nikamuuliza kuhusu eda. Miezi minne na siku kumi, nilikuwa nishajipanga moyoni, nguo gani, chumba gani. Akanitazama kwa huruma. "Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, mwanangu, si siku ya habari. Yako ilikwisha mwaka ule ule." Kumbe hata ya kukaa sina. Imepita nikiwa nabana majedwali.

Jumatano, 11 Februari

Mjambere. Nilimwambia Mahfudh kwanza, ukumbini, nimesimama. Nilimwambia alipo, na nilimwambia kosa ni la nani. Nilitarajia kofi la maneno, na nilikuwa tayari kulipokea.

Akaenda kabatini akarudi na kitabu cha kamati. Ukurasa wa 31 umelegea karibu kutoka, na pambizo yake ina weusi wa kidole kutoka juu mpaka chini.

"Nilikinunua kilipotoka," akasema. "Nikasoma mstari kwa mstari, mara tatu. Mara ya tatu nikasema, angekuwa humu ningemwona. Kitabu amekipanga Jalila, na Jalila hakosei."

Hakusema kwa kunilaumu. Kwa hiyo iliniuma zaidi. Huyu ndiye niliyemwita mwenye haraka ya kumzika nduguye, na alikuwa amemtafuta kwa kidole, akaacha kwa sababu ya kuniamini mimi. Nikamwomba radhi. Akalia, mtu mzima yule, akajifuta kwa shali lake, akasema, "Twende kwa mama."

Bi Ibtihal alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha akauliza, "Mahali gani?"

"Likoni, mama."

"Si alikuwa yuwenda Likoni?" Akaushika mkono wangu. "Basi alifika."

Jumamosi, 14 Februari

Hitima. Kabla sijachapa vitabu nilijaza vile vijumba viwili vilivyokuwa vitupu. Siku aliyofariki: haijulikani, kabla ya 9 Machi 2021. Alipozikwa: Likoni. Sikubadilisha kitu kingine.

Mstari wa 88 umekaa ukurasa wa tatu, chini ya wa 87, kama kwamba haukuwahi kutoka hapo.

Mahfudh ndiye aliyesoma. Alipofika mwisho alisita nikadhani hataweza. Akaweza. Bi Ibtihal, kitandani mwake, aliitikia amina kwa sauti iliyosikika mpaka uani kwa wanawake.

Jumatano, 18 Februari

Watu wanavunja jungu, mtaa mzima wanukia pilau. Mimi na Mzee Gershom tumemaliza karatasi ya masahihisho ya kile kitabu cha 2022, kipande kidogo chenye mistari miwili, cha kubandikwa ukurasa wa 31. Amekataa kunitoza. Mahfudh amechukua gamu na vipande mia moja, amezunguka navyo misikiti ya Kisauni tangu asubuhi. Mzee Boga anavigawa Likoni.

Kwenye mstari wa yule mwanamke nimeandika bangili mbili za shaba tu. Mzee Boga anakumbuka zilikuwa mkono wa kushoto, ila amenishauri nisiuandike kwenye karatasi, ili mwenye wake akija ajulikane.

Nimepima mstari wa 88. Palepale.

Jumamosi, 21 Februari

Ramadhani ya tatu. Baada ya alasiri simu imeita, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, anazungumza kwa kukimbia kama anayeogopa nitakata.

"Assalaamu alaykum. Naitwa Mwanatabu, natoka Bofu. Nimeambiwa wewe ndiwe uliyetoa ile karatasi ya msikitini. Mamangu alitoka nyumbani mwaka ule wa 2021, akili zilikuwa zishaanza kumpotea, nasi tulikisoma kile kitabu, wallahi tulikisoma chote, hakuwemo."

Nimefunua daftari hili, nikashika kalamu. "Keti kwanza, dadangu," nikamwambia. "Umeketi? Sasa niambie. Zile bangili alikuwa akizivaa mkono gani?"

Nilimsikia akivuta kiti.

"Wa kushoto," akasema.